Tripodi imara isiyo ghali: pesa iende kwenye miguu

SWALI: Nina kamera ya APS-C (ile yenye kihisi cha ukubwa wa kati), lenzi yake ya kawaida ya milimita 18–55 na nyingine ya 70–300. Napenda kupiga mandhari jua linapozama na majengo usiku, na mara mojamoja narekodi video. Tripodi niliyonayo ni ile nyepesi ya bei ya chini, na picha za usiku zinatoka na ukungu ingawa sikuishika kamera mkononi. Sina fedha nyingi. Ninunue ya aluminiamu au ya kaboni? Iwe na urefu gani? Maandishi ya "inabeba kilo 5" yana maana gani? Na hii ya zamani niifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, kabla hujatoa hela mfukoni, fungua moja ya picha hizo za usiku kwenye kompyuta na uikuze mpaka uone taa za mbali. Kama kila taa imekuwa kiduara chenye kingo zilizofifia, kosa ni la fokasi, na hakuna tripodi itakayolirekebisha. Kama taa zimejichora kama vijistari au vimkia, vyote vikielekea upande mmoja, kamera ilisogea shata, kile kipazia kinachopitisha mwanga, ikiwa wazi. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani utakuta vijistari, hasa kwenye picha za lenzi ya 70–300, na jibu langu linafuata njia hiyo.

Inafaa ujue ni mtikisiko mdogo kiasi gani unaotosha kuharibu picha, maana watu wengi huigusa tripodi dukani, wakaona imesimama, wakaridhika. Kwenye kamera ya aina yako yenye megapikseli 24, pikseli moja, yaani nukta moja ya picha, ina upana wa karibu maikroni 4 (milimita 0.004). Ukiwa umevuta lenzi hadi milimita 300, kamera ikigeuka kiasi cha kuhamisha shabaha yake milimita 1.3 tu kwenye kitu kilicho mita 100 mbele yako, picha imeshahama pikseli nzima. Jicho haliuoni mwendo huo. Kwa milimita 18 unasamehewa mara 16 zaidi, ndiyo maana tripodi ileile huonekana nzuri kwa lenzi moja na mbovu kwa nyingine. Tripodi yako mpya uichague kwa kuifikiria lenzi ndefu.

Tuje kwenye ununuzi. Kila mtu anataka tripodi iliyo imara, nyepesi na ya bei nafuu, na sijakutana na inayotoa yote matatu. Wewe umeshasema fedha ni chache, na uimara ndio unaoutafuta, kwa hiyo kilichobaki cha kuachia ni wepesi. Ukikubali kubeba kilo 2 hadi 2.5 pamoja na kichwa chake, ile sehemu ya juu inayoshika kamera, utakuta tripodi za aluminiamu za bei ya wastani zitakazokutumikia miaka mingi. Ukishikilia kwamba lazima iwe chini ya kilo moja na bado ifike mita moja na nusu, kwa bajeti ndogo utarudi nyumbani na pacha wa hiyo uliyonayo.

Lakini uzito peke yake hauleti uimara. Siri iko kwenye unene wa bomba la mguu. Ukuta wa bomba ukiwa na unene uleule, ugumu wake dhidi ya kupinda hupanda kwa kipeo cha tatu cha kipenyo: bomba la milimita 28 ni gumu takribani mara mbili ya lile la milimita 22, tofauti ambayo kwa macho ni ndogo sana. Urefu nao unavuta upande wa pili. Bomba lililoshikwa ncha moja likirefushwa mara moja na nusu, nguvu ileile hulipinda zaidi ya mara tatu. Ukiyashika mambo hayo mawili, mengi ya kwenye maboksi na matangazo unaweza kuyapita bila kuyasoma.

Mguu wa tripodi huundwa na vipande vinavyoingiana, na kila kipande ni chembamba kuliko kilicho juu yake kwa milimita 3 au 4 hivi. Tripodi ya vipande vitatu inayoanza na milimita 26 itamalizia chini na bomba la milimita 19 hivi. Ya vipande vitano inayoanza na milimita 22 itamalizia na kijiti cha milimita 10 au chini ya hapo, unene unaokaribia ule wa penseli. Wauzaji husifia vipande vitano kwa kuwa tripodi inakunjika ikawa fupi na kuingia kwenye begi dogo. Ni kweli inaingia, na kwa anayesafiri kwa ndege na lenzi fupi peke yake inaweza kumfaa. Kwako wewe nashauri vipande vitatu, au vinne kama bomba la juu lina milimita 28 au zaidi. Dukani nenda moja kwa moja kwenye kipande cha chini kabisa, kitoe chote, ukipime kwa vidole. Kikiwa chembamba kuliko kidole chako kidogo, rudisha.

Sehemu ya pili inayoamua ni kule juu, miguu mitatu inapokutana. Tripodi nyingi za bei ya chini zina plastiki pale, na pia zina vijimkono vinavyoiunganisha miguu na nguzo ya katikati. Vijimkono hivyo vinatoa picha ya uimara, ila vinailazimisha miguu yote kufunguka kwa pembe moja, na ukifika kwenye jiwe au mteremko umekwama. Tafuta ambayo kila mguu unafunguka peke yake na una vituo viwili au vitatu vya pembe, na kiungo cha juu kiwe cha chuma au aluminiamu ya kumimina. Shika mguu mmoja karibu na kiungo na uujaribu kushoto na kulia. Mchezo wowote utakaousikia hapo, hata mdogo, utazidi kadiri unavyoshuka chini.

Makufuli ya miguu ni ya aina mbili, ya klipu na ya kuzungusha. Yote yanafaa yakiwa yametengenezwa vizuri. Kwa bajeti ndogo mimi naegemea klipu, kwa sababu unaliona kwa jicho lililo wazi na lililofungwa, na mengi yana skrubu ndogo ya kukaza likianza kulegea. La kuzungusha halinasi matawi wala kamba za begi, lakini mchanga ukiingia ndani yake lazima ulifungue ulisafishe.

Kuhusu aluminiamu na kaboni: nunua aluminiamu. Nyuzi za kaboni ni nzuri kweli, ni nyepesi, hutuliza mtikisiko haraka zaidi na haziumizi mikono kwa baridi. Ila kwa pesa ileile, kaboni utakayoipata itakuwa na bomba jembamba na viungo hafifu. Bomba nene la aluminiamu litaishinda kaboni nyembamba. Tena aluminiamu ikigongwa hubonyea na bado inaweza kusimama, wakati kaboni ya bei ya chini ikipata pigo kali inaweza kupasuka.

Kuna aina ya tatu inayosahaulika: mbao. Tripodi za wapimaji ardhi, zile nzito za manjano au za mbao, ni tulivu kupita nyingi za wapigapicha, na zilizotumika hupatikana kwa bei ya kushangaza. Skrubu yake mara nyingi ni ya inchi 5/8, kubwa kuliko ya kamera, kwa hiyo utahitaji kipunguzio, na kuibeba ni kazi. Ikiwa unapigia sehemu ambazo gari linafika, usiidharau.

Urefu usiuchukue kwenye boksi. Namba kubwa iliyoandikwa pale mara nyingi inajumuisha nguzo ya katikati ikiwa imeinuliwa yote, na nguzo iliyoinuliwa ni mguu mmoja uliosimamishwa juu ya mitatu. Kazi yote ya ile mitatu inaishia hapo. Piga hesabu hivi: chukua urefu wa macho yako kutoka ardhini, toa sentimita 10 za kichwa cha tripodi na 8 za kamera hadi kwenye kitundu cha kuchungulia. Kama macho yako yako sentimita 158, unahitaji miguu inayofika 140 bila nguzo. Kama unatazama kupitia skrini inayokunjuka, 125 zinatosha kabisa, na kila sentimita usiyoitumia inakuongezea utulivu. Kwa kweli wapigaji mandhari wengi huishusha tripodi zaidi ya wanavyoiinua.

Sasa ile "inabeba kilo 5". Hakuna kipimo kimoja ambacho kampuni zote zimekubaliana kukitumia, kila moja hujipimia inavyoona. Tena kinachopimwa ni uzito ambao miguu na kichwa vitaubeba bila kuteleza au kuvunjika, jambo tofauti na kuushikilia bila kutikisika. Kamera yako na lenzi ya 70–300 pamoja havizidi sana kilo 1.5. Kwa namba za aina hii chukua angalau mara tatu ya uzito wa vifaa vyako, yaani kilo 4.5 kwenda juu, kisha isahau namba na urudi kwenye kipenyo cha bomba. Inakusaidia tu unapolinganisha tripodi mbili za kampuni moja.

Kichwa nimekiacha hadi sasa kwa makusudi. Ukiweza, nunua tripodi ambayo kichwa chake kinafunguka, juu ya miguu kukiwa na skrubu ya inchi 3/8. Hiyo, pamoja na ile ya inchi 1/4 inayoingia chini ya kamera, ndizo saizi zilizokubalika duniani kote na zimewekwa kwenye kiwango cha ISO 1222, kwa hiyo kichwa cha kampuni yoyote kitakaa kwenye miguu ya kampuni yoyote. Faida yake ni kubwa kwa mwenye bajeti ndogo: leo unanunua miguu mizuri na kichwa cha kawaida, kesho ukipata fedha unabadilisha kichwa peke yake. Kikiwa kimeungwa moja kwa moja, kikiharibika umepoteza vyote.

Wengi hukimbilia kichwa cha gololi kwa sababu kinageuka upande wowote kwa kulegeza kitasa kimoja. Vya bei ya juu ni vitamu kutumia. Vya bei ya chini vina tabia moja mbaya: unapanga picha, unakaza, unaachia mkono, na lenzi inashuka kidogo. Kwa milimita 18 hutaona, kwa 300 jengo zima linahama. Kwa pesa uliyonayo, kichwa cha vishikio vitatu kinakaza vizuri zaidi. Ni kikubwa, vishikio vyake vinachomoza, lakini kila mwelekeo unaurekebisha peke yake, na kwa majengo, ambapo mstari lazima usimame wima, utakishukuru. Kwa video za mara mojamoja kitatosha ikiwa kamera imetulia mahali pamoja. Kuzungusha kamera polepole na laini wakati wa kurekodi ni kazi ya kichwa cha majimaji, na vile vya bei ya chini vinavyouzwa kwa jina hilo mara nyingi ndani yake ni grisi na plastiki tu. Usikinunue sasa.

Pleti, kile kibamba kinachofungwa chini ya kamera, iangalie kwa umakini. Chagua ya mtindo wa Arca-Swiss, yenye upana wa milimita 38 hivi, kwa kuwa kampuni nyingi hutengeneza zinazoingiliana nayo. Tripodi zenye pleti ya mtindo wake wa pekee zinakuacha mikono mitupu siku inapopotea. Hili ni muhimu maradufu ukinunua iliyotumika: nimewahi kuona tripodi nzuri kabisa zikikaa stoo kwa sababu ya pleti tu. Na kuhusu kununua iliyotumika, nakuhimiza. Tripodi haipitwi na wakati kama kamera. Kagua nyufa kwenye kiungo cha juu, toa miguu yote na ukandamize kwa nguvu uone kama kufuli lolote linateleza, hakikisha mipira ya chini ipo yote mitatu, na pleti imo.

Jaribio la mwisho, ambalo kwangu linazidi maelezo yote ya boksi: nenda na kamera yako na lenzi ndefu. Funga, inua miguu hadi urefu utakaoutumia, elekeza kwenye maandishi ya mbali, washa skrini na uikuze hadi mwisho. Kwanza kaza kichwa, achia, tazama kama maandishi yanashuka. Kisha gonga mguu mmoja kwa kidole na uhesabu muda ambao picha kwenye skrini inaendelea kucheza. Kwenye tripodi nzuri inatulia ndani ya sekunde moja au mbili. Ikiendelea kuyumba mpaka ukachoka kungoja, umepata jibu. Linganisha mbili au tatu hivyo, na utajua ipi ya kununua hata kama bei zimekuchanganya.

Ukishainunua, nusu ya kazi bado iko mikononi mwako. Anza kwa kutoa vipande vinene vya juu, vile vyembamba vya chini viwe vya mwisho na utoe kiasi unachohitaji tu. Mguu mmoja uelekee mbele, chini ya lenzi, ili uzito usiangukie kwenye pengo kati ya miguu miwili. Kwenye mteremko weka miwili upande wa bonde na mmoja upande wa mlima. Kiweke kitovu cha tripodi sawa kwa kurefusha na kufupisha miguu, ukitumia pimamaji kama ipo, badala ya kuacha tripodi imeinama na kusawazisha kwa kichwa. Kwenye mchanga na udongo laini izamishe miguu kwa kuikandamiza mpaka igome. Ukiiacha juujuu itaendelea kuzama polepole shata ikiwa wazi. Sakafu ya mbao na daraja hutikisika watu wanapopita, na hapo tripodi haina kosa: ngoja wapite.

Upepo ndio adui mkubwa. Toa mkanda wa kamera au ufunge, kwa sababu ukipeperuka unaivuta kamera. Shusha tripodi, nguzo ya katikati iwe chini kabisa, simama upande upepo unakotoka uukinge kwa mwili wako. Kama kuna ndoana chini ya nguzo, ning'iniza begi, lakini kamba yake iwe ndefu kiasi kwamba begi liguse ardhi. Begi linalobembea hewani huisukuma tripodi huku na huku, na hapo ni heri usingeling'iniza.

Kidole chako nacho kinatikisa. Tumia kipima muda: sekunde 2 kwa lenzi fupi, 10 kwa ile ya 300, au rimoti, au programu ya simu. Kama kamera yako ina kioo ndani, tafuta kwenye menyu namna ya kukiinua kabla ya shata kufunguka. Kama haina kioo, washa shata ya kielektroniki ya pazia la kwanza. Mtikisiko wa kioo na shata huumiza zaidi kati ya 1/60 ya sekunde na sekunde 1. Ukipiga kwa sekunde 30 unaisha mapema, na sehemu kubwa ya mwanga inaingia kamera imeshatulia. Ndiyo maana nyakati nyingine picha ya sekunde 20 inakuwa kali kuliko ya robo sekunde, na watu wanashangaa. Zima kituliza mtikisiko cha lenzi, kile kinachoandikwa IS, VR au OSS, hasa kwenye lenzi za zamani. Baadhi ya lenzi mpya hutambua zenyewe kwamba ziko kwenye tripodi, nyingine hutafuta mtikisiko usiokuwepo na kuuzalisha.

Ukigeuza kamera wima kwa kukilaza kichwa upande, uzito wote unahamia pembeni na tripodi inataka kuinama. Geuza kichwa mpaka kamera iwe juu ya mguu mmoja, na kaza pleti vizuri, maana katika mkao huo lenzi nzito huizungusha.

Matunzo ni machache. Ukitoka baharini suuza miguu kwa maji yasiyo na chumvi, iache ikauke ikiwa imefunguliwa, ndipo uikunje. Chumvi huila aluminiamu na skrubu taratibu. Usiingize vipande vyenye mchanga ndani ya vingine bila kuvifuta. Kila baada ya muda pitia skrubu zote kwa alenki (ufunguo mdogo wa pembe sita), kwa kuwa tripodi nyingi zinazolalamikiwa kuyumba zimelegea tu kwenye kiungo cha juu.

Hiyo ya zamani usiitupe. Ikaze skrubu zake, usifungue kipande cha chini, nguzo ibaki chini, na kwa lenzi ya 18–55 mahali pasipo na upepo itakupa picha kali ukitumia kipima muda. Unaweza kuanza leo jioni hivyo wakati unakusanya fedha. Ukipata mpya, hii itafaa kushikilia simu kwa video, au flashi pembeni ya mtu unayempiga picha, kazi ambazo mtikisiko mdogo hauziharibu.